Balokole wa Namirembe na Swali la Maisha Matakatifu

Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877. Baada ya miaka hamsini, Ukristo ulikuwa umeshakuwa jambo la heshima. Aliyebatizwa alipata jina jipya, shule na pengine kazi ya ukarani au uchifu. Kanisa kuu la Namirembe, lililokamilika mwaka 1919, lilikuwa na waumini wengi. Hata hivyo, wengine walijiuliza: mtu akiimba Jumapili, kisha Jumatatu akala rushwa na kumficha mwanamke wa pili mjini, huyo ni Mkristo wa namna gani?

Mmoja wa waliojiuliza hivyo alikuwa Simeoni Nsibambi, Muganda aliyefanya kazi ya afya katika serikali ya Kabaka. Mwezi wa Septemba 1929 alikutana pale Namirembe na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuja Kampala kupumzika kwa sababu kazi na njaa ya Rwanda vilikuwa vimemchosha. Walisoma Biblia na kuomba pamoja kwa siku mbili. Daktari akarudi hospitali yake ya Gahini, na Nsibambi akaacha kazi, akavua viatu, akawa anahubiri kwa watu waliopita karibu na kanisa. Mimi naona hivyo viatu si jambo dogo. Mjini Kampala wakati huo, viatu vilionyesha kwamba mtu amesoma na ana cheo. Nsibambi alitembea peku mbele ya watu waliomjua.

Waliofuata njia hiyo waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Kwao utakatifu haukuwa kukaa mbali na watu. Ulianza kwa kutubu hadharani na kutaja dhambi kwa jina lake. Aliyeiba alirudisha, mwenye deni alilipa, mume alimwomba mkewe msamaha. Mwafrika na Mzungu waliitana ndugu, na hata Mzungu alitakiwa kukiri kiburi chake, jambo ambalo chini ya ukoloni halikuwa la kawaida. Bibi yangu, ambaye nyumbani tunamwita jajja, anasema kwamba kijijini kwao jembe lililopotea miaka mingi lilirudi likiwa na kutu, na aliyelirudisha alilia kuliko mwenye jembe.

Lakini mambo hayakuwa mazuri yote. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, William Nagenda na wenzake waliamka kabla ya alfajiri kuomba, kisha wakawahubiria wenzao na kuwakemea kwa wizi na uzinzi. Walilalamika pia kuhusu mafundisho yaliyotolewa chuoni. Mkuu wa chuo aliyakataza maombi hayo ya alfajiri na mahubiri yao. Walikataa kutii, na mwezi wa Oktoba wanafunzi 26 wakafukuzwa.

Nani alikuwa na haki? Wakubwa wa chuo walitaka utaratibu, na mwanafunzi yeyote aliyewahi kulala bwenini atawaelewa: si rahisi kuamshwa usiku na mtu anayekuambia wewe ni mwenye dhambi. Pia wapo Balokole waliowahukumu wenzao kwa haraka, kana kwamba utakatifu ni fimbo. Lakini hao vijana walikuwa wakisomea uchungaji, na wangenyamaza tu, wangebaki chuoni. Walichagua kupoteza mshahara na cheo. Nagenda hakupata daraja la uchungaji maisha yake yote, lakini hakulihama Kanisa. Alihubiri Afrika Mashariki na hata ng'ambo.

Mwaka 1948, kijana mwalimu wa Acholi aliyeitwa Janani Luwum aliokoka katika uamsho huohuo. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Askari wa Idi Amin walipoanza kukamata na kuua watu ovyo, alikwenda kwenye ofisi za serikali kuwaulizia waliopotea. Mwezi wa Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kulalamika. Tarehe 16 mwezi huo aliuawa hapa Kampala, na serikali ikatangaza kwamba alikufa katika ajali ya gari. Jajja anasema hakuna jirani yake hata mmoja aliyeamini tangazo lile.