Helike: Mji Uliotafutwa Baharini Ukakutwa Nchi Kavu

Mtu aliyehama haachi kuagiza kitu cha kwao. Kisa cha Helike, mji wa kale wa Wagiriki, naona kinaanzia hapo.

Mji huu ulikuwa kaskazini mwa Peloponnese, mwambao wa kusini wa Ghuba ya Korintho, karibu na Aigio ya leo. Homer anautaja. Fahari yake ilikuwa hekalu la Poseidon, mungu wa bahari na wa matetemeko. Waionia waliokuwa wakikaa pande hizo walihamia ng'ambo, pwani ya Uturuki ya sasa, wakaendelea kumwabudu Poseidon yule yule. Strabo anasimulia kuwa walituma wajumbe kuomba sanamu yake, na kama haiwezekani, basi walau ramani ya hekalu wakajijengee lao. Watu wa Helike wakakataa.

Majira ya baridi ya mwaka 373 K.K., usiku, ardhi ikatetemeka na bahari ikapanda. Kulipokucha mji haupo. Waakea walipeleka watu 2,000 kuopoa maiti, wasiweze. Ikasemwa kuwa ni ghadhabu za Poseidon kwa kunyimwa wale wageni. (Wageni gani, na walikuwa wakiomba cha mababu zao?)

Kwa kuwa habari zote zilisema mji umezama, watafiti wa karne ya 20 waliutafuta baharini. Eratosthenes alipopita huko, wavushaji walimwambia kuwa Poseidon wa shaba amesimama ndani ya "poros", anawatia hatarini wavuvi wa nyavu. Neno hilo lilichukuliwa kuwa ni ghuba yenyewe. Mwaka 1988 Dora Katsonopoulou na Steven Soter walipima sakafu ya bahari kwa mitambo ya sauti, wasione mji. Ndipo wakafikiri upya: huenda "poros" ilikuwa wangwa wa ndani, uliokuja kujazwa na udongo wa mito. Wakahamia nchi kavu, wakatoboa ardhi hapa na pale. Mwaka 2001, huko Rizomylos, kati ya mito Selinous na Kerynites, wakafukua kuta zilizoanguka za zama zile zile, zimefunikwa na tope la wangwa, na juu yake watu wanalima.

Jirani na hapo walikuta kijiji kingine, cha zaidi ya miaka 4,000, nacho kimezikwa ardhini.