Kanisa la Namibia Chini ya Jeshi la Kigeni

Mwezi Juni 1977 Dar es Salaam ilipokea wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, mkutano uliomchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika uligusa ungamo la imani lenyewe. Walutheri wa Namibia walikwisha kupaza sauti miaka sita kabla.

Nchi yao ilitawaliwa na Wajerumani tangu 1884. Mwaka 1915 majeshi ya Afrika Kusini yaliiteka, yasitoke tena. Tarehe 21 Juni 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba ukaaji huo ulikuwa kinyume cha sheria. Siku tisa baadaye Askofu Leonard Auala na kiongozi mwenzake, Mchungaji Paulus Gowaseb, walimwandikia Waziri Mkuu Vorster barua ya wazi, wakitaja haki walizonyimwa watu wao na kuomba nchi iwe huru. Kwa kuwa makanisa yao yalikusanya sehemu kubwa ya wananchi, ilikuwa vigumu kuiita kazi ya wachochezi wachache.

Mei 1973 kiwanda cha uchapaji cha Kanisa huko Oniipa, kilichochapa gazeti la Omukwetu, kililipuliwa. Waumini wakakijenga upya. Novemba 1980 kikalipuliwa tena.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba barua peke yake ilileta uhuru. SWAPO ilipigana tangu 1966. Mwaka 1975 Afrika Kusini iliingia Angola kijeshi, na Kuba ikapeleka askari kuisaidia serikali ya Luanda. Tarehe 4 Mei 1978 kambi ya Wanamibia ya Cassinga, ndani ya Angola, ilishambuliwa kwa ndege na askari wa miavuli. Zaidi ya watu 600 waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto wengi. Mwaka 1988 majeshi ya Kuba yalipousogelea mpaka wa Namibia, gharama ya vita ikawa nzito kwa Pretoria.

Mkataba ukatiwa sahihi New York tarehe 22 Desemba 1988. Waliosaini ni Angola, Kuba na Afrika Kusini. Wenye nchi hawakuwamo. Bendera ya Namibia ilipandishwa Windhoek tarehe 21 Machi 1990. Askofu Auala hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1983.