Nyumba ya kahawa ya Karen: mwenye shamba anakumbukwa, na wakaaji je?

Karibu na vilima vya Ngong, pembeni mwa mji wa Nairobi nchini Kenya, kuna nyumba ya mawe yenye paa la vigae na baraza pana. Leo ni makumbusho. Mgeni analipa tiketi, kisha anaongozwa chumba kwa chumba na kuonyeshwa meza, vitanda, vitabu na taa za zamani. Nje, bustanini, kuna mashine za kahawa ambazo hazizunguki tena.

Nyumba hiyo ilijengwa mwaka wa 1912 na mhandisi wa Sweden, Åke Sjögren. Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyefika Kenya mwaka wa 1914, aliishi humo tangu 1917 hadi 1931. Shamba lake lilikuwa na ekari 6,000, sawa na hekta 2,400 hivi. Kahawa ilichukua ekari 600 tu. Karibu ekari elfu moja zilikuwa vishamba vya wakaaji, wengi wao Wakikuyu.

Wakaaji hao waliitwa maskwota. Wengi walizaliwa pale pale, na baba zao vilevile. Lakini sheria ya mkoloni ya mwaka wa 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999, na ile ya 1918 ikamtaka mkaaji afanye kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima na kufuga mahali alipozaliwa. Blixen mwenyewe aliandika kwamba huenda wao walimwona yeye kuwa ndiye skwota juu ya ardhi yao.

Jambo kama hilo si geni kwetu. Huku Kongo, amri ya mwaka wa 1885 ilitangaza kwamba ardhi inayoitwa tupu ni mali ya Dola. Mwaka wa 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyowagawia wakoloni mashamba makubwa. Mahali palipoandikwa «tupu» mara nyingi palikuwa na watu: ng'ombe walichungwa pale, kuni zilikatwa pale, na shamba lilipumzishwa ili lilimwe tena.

Kahawa ya Karen haikustawi. Shamba lilikuwa juu mno, zaidi ya mita 1,800, na mvua ilikuwa haba. Mwaka wa 1923 kiwanda kiliungua. Baada ya mwaka wa 1929 bei ya kahawa ikaporomoka duniani. Mwaka wa 1931 shamba likauzwa ili likatwe viwanja vya nyumba. Maskwota wakaambiwa waondoke.

Wazee hawakuomba fedha. Waliomba wahamishiwe mahali pamoja, wao na ng'ombe wao, ili jirani abaki jirani. Serikali ilitaka kuwatawanya, na wao kama Waafrika hawakuruhusiwa kununua ardhi nje ya maeneo waliyotengewa. Blixen alizunguka ofisi kwa ofisi hadi kwa gavana, na mwishowe wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Yeye akarudi Denmark, na mwaka wa 1937 akachapisha kitabu kilichompa jina duniani.

Mwaka wa 1964 serikali ya Denmark iliizawadia Kenya huru nyumba ile, na mwaka wa 1986 makumbusho yakafunguliwa. Mtaa mzima unaitwa Karen. Vishamba vya maskwota havikuhifadhiwa. Upande wao, sauti inayojulikana zaidi ni ya Kamante Gatura, mpishi wa nyumba ile, ambaye masimulizi yake yalichapishwa mwaka wa 1975.

Nyumba ya mawe ina walinzi na tiketi. Kijiji cha miti na udongo hulindwa na wanaokikumbuka. Familia iliyohama leo inaweza kuanza na daftari moja la mtoto: jina la kilima, chemchemi tuliyochotea maji, mti uliokuwa mpaka, majirani wa kushoto na wa kulia. Wazee wa Karen waliposema «tusitenganishwe», walijua kwamba mtu mmoja peke yake hawezi kukumbuka kijiji kizima.