Sikio la Fundi: Historia ya Kutambua Mlio wa Pikapu katika Ndhiwa

Ufundi wa kutambua ubovu wa gari kwa kusikiliza ulikua nchini Kenya sambamba na usafiri wa matatu. Katika Ndhiwa, eneo lililokuwa sehemu ya wilaya ya zamani ya South Nyanza na ambalo leo liko katika Kaunti ya Homa Bay likipakana na Migori, ufundi huo ulilelewa na udongo mweusi unaonata msimu wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, pamoja na barabara zilizokaa miaka mingi bila lami. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi, na pikapu zenye mabodi ya mbao au mabati zikaenea mashambani. Kampuni ya sukari ya South Nyanza ilipoanzishwa Awendo mwaka 1976, kilimo cha miwa kiliongeza mizigo na safari, na kwa hiyo kazi ya gereji.

Gari lililoheshimiwa zaidi enzi hizo lilikuwa Peugeot 404, ambalo sifa yake ilijengwa na ushindi wa mashindano ya East African Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Propela yake, yaani mhimili unaopeleka nguvu ya injini kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma, ilifungwa ndani ya bomba la chuma, kiungo chake kikuu kikiwa kimoja tu, karibu na giaboksi. Matope hayakuifikia kwa urahisi, na mlio uliotoka chini ya gari hilo ulikuwa na asili chache za kutafutwa.

Pikapu za Kijapani, ambazo baadhi yake ziliunganishwa humu humu nchini katika viwanda vilivyofunguliwa miaka ya 1970, zilibadilisha kazi hiyo. Propela yao imeachwa wazi na kushikwa kwa krosi, kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiwezesha kuzunguka huku pembe yake ikibadilika kila gurudumu linapopanda na kushuka. Wazo la kiungo hicho lilielezwa na Robert Hooke wa Uingereza katika karne ya 17, na Clarence Spicer wa Marekani akapata hataza ya kukitumia katika magari mwaka 1903. Kila ncha ya msalaba hukaa ndani ya kikombe kilichopangwa vyuma vyembamba viitwavyo sindano, navyo huishi kwa grisi. Maji ya mto au matope yakiipita sili inayoziba kikombe, grisi huoshwa, sindano hushika kutu, na chuma kikavu huanza kulia juu ya chuma.

Hapo ndipo penye umahiri wa fundi. Gari likilia lingali limesimama huku injini ikiunguruma, propela haina hatia, na uchunguzi huhamia kwenye mikanda ya injini au, ikiwa sauti hubadilika klachi inapokanyagwa, kwenye beringi ya klachi. Mlio unaosikika tu gari linaporuka mashimo huelekea kwenye springi na bushi zake. Ukifuata mwendo, fundi huhesabu: propela ya pikapu nyingi huzunguka takriban mara nne gurudumu linapozunguka mara moja, hivyo mlio mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu humpeleka kwenye breki au beringi ya gurudumu, ilhali milio ya harakaharaka, chwi-chwi-chwi, humpeleka kwenye krosi. Mvumo mrefu unaobadilika dereva anapoachia mafuta ni jambo la difu, na mgongano mzito wa chuma gari linapoondoka ni dalili kwamba krosi imekwisha kulika.

Baada ya kusikiliza, mkono huthibitisha. Magurudumu huwekewa mawe, gari hutolewa kwenye gia, fundi huingia uvunguni na kuitikisa propela akitafuta mchezo, yaani ulegevu ambao haupaswi kuwapo. Unga mwekundu wa kutu kando ya kikombe humaliza shaka. Fundi mwangalifu hutia alama kwenye propela na kwenye sahani ya difu kabla ya kufungua boliti, kwa kuwa propela ikirudishwa upande usio wake inaweza kuleta mtetemo ambao mwenye gari hatauelewa.

Maarifa haya ni ya kitaalamu kwa kila kipimo, lakini serikali ilichelewa kuyatazama hivyo. Sheria ya mwaka 1984 ilizirudisha matatu chini ya leseni na ukaguzi. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuagiza wajengewe vibanda. Mwaka 1992 ukatolewa waraka wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali, yaani ufundi wa sekta isiyo rasmi. Hatua hizo zilishughulikia zaidi kivuli, mikopo na vibali kuliko elimu iliyokuwa ikipitishwa kwa mwanafunzi kumshikia fundi wake spana, na huo ulikuwa upungufu mkubwa.

Kanuni za usalama zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilidai mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na pikapu zikazidi kuachia magari mengine abiria na kubaki na mizigo. Katika gereji nyingi za leo kompyuta husoma hitilafu za injini za magari mapya, lakini krosi haina kihisio cha kuiarifu, na mlio wake bado hutafutwa kwa sikio.