ISALE MLANGONI PA KANISA: MILA NA IBADA KATIKA MIAKA MIA MOJA

Injili haikuikuta Kilimanjaro ikiwa tupu. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, walikuta watu wanaomtaja Mungu kwa jina la Ruwa, wenye matambiko ya ukoo, mafundisho ya jando, nyimbo za rika na taratibu za kuwapatanisha waliokosana. Jina la Ruwa lilipokelewa, likaingia katika sala na Maandiko ya Kichagga. Tambiko kwa mizimu lilikataliwa, na kwa haki, kwa kuwa mpatanishi wetu ni mmoja, Kristo Yesu (1 Timotheo 2:5).

Lakini kati ya hayo mawili yalikuwapo mengi yasiyo rahisi kuamuliwa. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe amewapa wanadamu. Kwa hiyo vijana wa kipaimara aliwaunganisha kwa udugu wa ngao, kwa mfano wa rika la zamani, kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake katika imani. Wapo waliomlaumu kwamba anawarudisha watu nyuma. Hata hivyo, wamisionari Wajerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walimu na wainjilisti wenyeji waliishika kazi, wakakusanya watu mtaa kwa mtaa. Ujirani ule ulilibeba Kanisa.

Kuhusu muziki tulichelewa. Kwa muda mrefu tulimsifu Mungu kwa tenzi za Kijerumani na matarumbeta, na ngoma ikabaki nje ya mlango. Katika miaka ya 1960 Mchungaji Howard Olson, mwalimu wa Chuo cha Theolojia Makumira, alikusanya nyimbo zenye sauti za makabila mbalimbali ya Tanzania. Leo hakuna Sikukuu ya Mavuno isiyo na ngoma, na mnada wa ndizi na kuku huendeshwa kwa vigelegele.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Nilipokuwa mchungaji kijana, ndugu wawili waliogombania mpaka wa kihamba walikuja kwangu siku ya maandalizi ya Chakula cha Bwana. Mdogo alishika jani la isale, ambalo kwa Wachagga ni ombi la msamaha lisilokataliwa kwa urahisi. Alitaka kumkabidhi kaka yake mbele ya madhabahu. Nilimwambia aliache mlangoni, nikidhani ninalinda usafi wa imani. Aliliacha, akaingia, lakini kaka yake hakuingia. Walikaa miaka mingi bila kusalimiana. Yule mkubwa alipofariki, mdogo wake alifika msibani na jani lile lile mkononi, akaliweka juu ya kaburi. Mimi ndiye niliyeongoza maziko, na sikuweza kulizuia tena.

Nilikuwa nimesoma Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo katika kifungu cha saba linafundisha kwamba umoja wa kweli wa Kanisa unatosheka kwa kupatana katika mafundisho ya Injili na utoaji wa sakramenti. Si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Nilikijua kifungu hicho kwa mtihani, sikukijua kwa uchungaji. Jani la isale haliondoi dhambi. Wala kanzu yangu nyeusi haiondoi dhambi, nayo pia ilitoka katika desturi za watu fulani.

Wapendwa, tunapoingia karne ya pili, tusipokee kila mila kwa sababu ni yetu, wala tusikatae yoyote kwa sababu hiyo hiyo. Tuiulize kila moja swali hili: Je, inamleta ndugu kwa ndugu yake, na wote wawili kwa Kristo? Ikiwa inawaleta, tuifungulie mlango.