Mwembe wa Kasoge

Mwalimu akisha kustaafu hubaki na mambo mawili: chaki iliyomwingia kwenye mapafu, na majibu aliyowakatalia watoto. Chaki nimeizoea. Jibu moja lilinisumbua kwa zaidi ya miaka thelathini na tano, na ndilo lililonipeleka, nikiwa na umri wa miaka 72, kwenye Milima ya Mahale mwezi Novemba 2022.

Nilihitimu chuo cha ualimu mwaka 1972. Baada ya kufundisha katika sehemu mbalimbali nilihamishiwa, mwaka 1983, kwenye shule ya msingi ya kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya milima hiyo. Nilikwenda kwa meli ya Liemba. Msomaji asiyeijua meli hiyo yafaa aelezwe, maana historia yake ni funzo tosha. Ilijengwa na Wajerumani katika mji wa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya makasha hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma, na huko ikaundwa upya na kuteremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi ikiitwa Liemba. Kilichozamishwa, basi, si lazima kiwe kimekufa. Maneno hayo niliyarudia sana darasani, na sikujua kuwa siku moja yatanirudia mimi.

Tulishuka usiku. Gati halikuwapo, hivyo meli ilisimama mbali na ufuko, mitumbwi ikaja kuizunguka huku watu wakiitana gizani, magunia na kuku na watoto wakapokezanwa kutoka mkono hadi mkono. Kulipopambazuka niliiona milima kwa mara ya kwanza. Inasimama juu ya maji bila uwanda wa kutosha kati yake na ziwa. Uso wa ziwa uko kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Nkungwe kina meta 2,462. Chini ya maji nako ardhi inaporomoka vilevile, kwa kuwa ziwa lile lina kina cha meta 1,470 mahali palipo na kina kirefu kuliko pote, la pili duniani baada ya Baikal. Yote mawili, mlima na shimo, ni kazi ya Bonde la Ufa la Magharibi, ambako ardhi ilipasuka, upande mmoja ukainuliwa na mwingine ukadidimia.

Mwaka 1985 Serikali ilitangaza milima hiyo kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye eneo la kilometa za mraba 1,613. Tulifurahi. Nilitayarisha somo la jiografia kwa darasa la sita, nikaandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri kwamba hifadhi ilianzishwa katika pori lisilokaliwa na watu. Mvulana mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, samahani. Mbona mwembe wa babu yangu uko kule? Na babu mwenyewe kazikwa chini yake."

Darasa lilicheka. Nilidhani wananicheka mimi. Nilimwamuru apige magoti mbele mpaka kengele ya mapumziko, kwa kosa la kumbishia mwalimu. Alipiga magoti bila kulia, macho yakiwa ubaoni kwenye sentensi yangu. Mwaka uliofuata nilihamishwa tena, nikawa mwalimu mkuu kwingine, nikastaafu. Mvulana yule sijapata kumwona tena.

Nilipopata nafasi ya kusoma kwa utulivu ndipo nilipotambua ukubwa wa kosa langu. Milima ile ilikuwa nchi ya Watongwe. Hawakuishi katika vijiji vikubwa. Waliishi katika vitongoji vidogo vya nyumba chache, vilivyotawanyika ufukoni na mabondeni, wakilima kwa kuhamahama, wakivua na kurina asali. Mtafiti wa Kijapani, Makoto Kakeya, aliyeanza kuishi nao mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliandika kwamba walizalisha kiasi cha kuwatosha, na kwamba sehemu kubwa ya chakula ililiwa na wageni, kwani kila mtu alikuwa mgeni wa mwenzake kwa zamu. Mlima Nkungwe ulikuwa kwao mahali patakatifu.

Kisha likaja agizo la kuishi vijijini. Katika mkoa wa Kigoma operesheni ilianza mwaka 1972, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Nia ilikuwa njema, nami niliiamini na kuihubiri: shule, zahanati na maji haviwezi kupelekwa kwa nyumba tatu tatu zilizotengana kwa mwendo wa nusu siku. Katikati ya miaka ya 1970 watu wa vitongoji vya mlimani wakahamishiwa kwenye vijiji vya nje. Hivyo hifadhi ilipotangazwa mwaka 1985, waliokwenda kuikagua waliona kweli pori. Lakini lilikuwa pori la miaka kumi. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa nchi ile, na mimi niliwafundisha kwamba haikuwa na mtu.

Hayo ndiyo yaliyonipeleka Mahale uzeeni. Liemba wakati huo ilikuwa haifanyi kazi, kwa hiyo niliondoka Kigoma kwa boti ya mbao yenye injini, pamoja na wachuuzi wa dagaa na migebuka. Ni kiasi cha kilometa 120 kuelekea kusini. Ndani ya hifadhi hakuna barabara wala gari. Mgeni hufika kwa maji, au kwa ndege ndogo kisha kwa boti, na akifika hutembea kwa miguu kama walivyotembea wenyeji.

Kasiha, wageni wanapolala, nilipokewa na kijana mwongoza wageni. Aliponiamkia "Shikamoo mzee," nilimwuliza kabila lake, kama wazee tulivyo. Akajibu kwamba ni Mtongwe. Nikamwambia kilichonileta, bila kumficha habari ya mvulana aliyepiga magoti. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi Mwalimu, kesho tupande polepole. Nitakuonyesha."

Asubuhi tulianza safari ya Kansyana, kituo cha watafiti. Huko Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kazi mwaka 1965, miaka mitano baada ya Jane Goodall kuanza Gombe. Mwanzoni sokwe walimkimbia. Alilima shamba la miwa, nao wakaja kula, na taratibu wakawazoea watu. Kuwalisha sokwe kuliachwa mwaka 1987, ila utafiti uliendelea kizazi baada ya kizazi, na Nishida aliufuatilia karibu mpaka mwisho wa maisha yake mwaka 2011. Kwamba Watongwe ndio waliomwonyesha njia, wakamtajia miti na kumfundisha nyayo, hilo halitiliwi maanani vya kutosha. Mtafiti akiandika kwamba sokwe mgonjwa hutafuna utomvu wa shina la mti mchungu kama wafanyavyo wenyeji kutibu tumbo, ujue kulikuwa na mwenyeji pembeni aliyemwambia ule mti hutibu nini.

Njia ilikuwa na utelezi. Mvua za mwanzo zilikuwa zimenyesha, na upande huu wa milima hupata mvua nyingi kuliko nchi ya mashariki, kwa kuwa hewa yenye unyevu hupanda mlima na kupoa. Ndiyo sababu miteremko ya magharibi ina msitu mzito wenye miti ya jamii ya Kongo, na ukivuka tu upande wa pili unakuta miombo mikavu. Nilipumzika kila baada ya hatua arobaini. Kijana alijifanya anatazama ndege ili nisione haya.

Sauti ya sokwe niliisikia kabla sijawaona: mlio unaoanza chini kama mtu anayehema, ukapanda mpaka ukawa ukelele uliojaza bonde zima. Tulivaa barakoa, kwa sababu magonjwa ya kifua ya binadamu huwaambukiza, na mwaka 2006 mlipuko wa namna hiyo uliwaua kadhaa. Wageni huwa si zaidi ya sita, na muda wao ni saa moja. Niliona majike mawili wakichambuana manyoya, kila mmoja ameinua mkono na kumshika mwenzake juu ya kichwa, kama watu wanaosalimiana kupitia juu ya ukuta. Desturi hiyo watafiti waliiandika hapa kwa mara ya kwanza mwaka 1978, wakisema kwamba sokwe wa Gombe, mwendo mfupi tu kaskazini kwenye ziwa lilelile, hawana. Kila jamii, basi, ina mila yake, wakubwa huwafunza wadogo, na isipofunzwa hupotea. Mimi mwalimu sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Saa yetu ilipokwisha kijana alinichepusha kando ya njia. "Tazama hapa, Mwalimu." Nilitazama nikaona msitu tu. "Tazama tena." Ndipo nikaona michikichi, kisha mipera, na nyuma yake mwembe mkubwa uliozongwa na mitambaazi. Mwembe haukuletwa na ndege kutoka msitu wa Kongo. Mwembe hupandwa na mtu anayetumaini kukaa. Ardhi chini yake ilikuwa tambarare kidogo kuliko ya jirani, kama sakafu ambayo mtu aliisawazisha zamani. Kipande cha chungu kilikuwa kimechomoza udongoni. Sikukiokota.

Juu ya majani palikuwa na embe changa lililotafunwa nusu. Kijana alinieleza jambo ambalo watafiti nao wameliandika: zamani, watu walipokuwapo, sokwe hawakuyala maembe wala mapera. Watu walipoondoka, miti ikabaki ikizaa bila mwenyewe, na miaka ya 1980 sokwe wakaanza kuonja, mmoja akimwiga mwenzake. Wakati mimi nikiandika ubaoni kwamba hapakuwa na mtu, sokwe walikuwa wanajifunza kula matunda ya shamba la mtu huyo.

Sisemi kwamba hifadhi ni kosa. Nimeona milima mingine ya nchi yetu iliyobaki vipara, mito yake ikiwa mawe matupu. Bila ulinzi, sokwe wa Mahale, wanaokadiriwa kuwa mamia kadhaa, wangekuwa hadithi. Wala siwaiti wabaya waliotoa amri ya vijiji, maana mimi nilikuwa miongoni mwa walioipigia makofi. Ninachosema ni hiki: jambo linaweza kuwa jema, na sababu tunayowapa watoto ikawa uongo. Tungeweza kuwaambia, "Wazazi wenu waliishi hapa, wakautunza msitu huu kiasi kwamba ulipowatoka mikononi ulikuwa bado msitu, na sasa taifa limeuchukua." Hiyo ingekuwa historia chungu kidogo, lakini ingemwacha mtoto amesimama. Mimi nilichagua historia iliyompigisha magoti.

Siku ya pili niliomba kupanda Nkungwe. Safari ya kileleni huchukua zaidi ya siku moja, na huendi bila askari mwenye bunduki. Nilifika mahali ambapo msitu unaanza kupungua na upepo kuwa baridi, magoti yakakataa. Nikaketi juu ya jiwe. Mawingu yalifunguka, nikaliona ziwa lote la magharibi, na mbali, kama mstari wa penseli, milima ya Kongo. Nilikuwa nimeidhani nitaona uchungu kushindwa. Badala yake niliona ni haki. Mlima ule ulikuwa na wenyewe, na wao wenyewe hawakuupanda ovyo.

Jioni, pale Kasiha, nilitoa daftari la mistari nililokuja nalo, nikamwomba kijana anitajie vitongoji vyote alivyosikia kwa babu yake: jina, kijito kilicho karibu, na mti unaobaki. Aliposahau alitafakari, mara mbili akaenda kumwuliza mzee mmoja wa kazi. Tuliandika mpaka taa ikaishiwa chaji. Nakala ya daftari hilo nimeipeleka kwenye shule ile niliyofundisha, nikamwomba mwalimu wa darasa la sita aisome pamoja na watoto, awaache wainyooshee mikono na kuisahihisha.

Mvulana wa benchi la nyuma sasa ni mtu mzima, pengine naye ana wajukuu. Kama maandishi haya yatamfikia, naomba ajue kwamba nimekwenda, nimeuona mwembe, na kwamba siku ile aliyekosea ni mimi. Swali lake nalitilia alama ya vema, na ninamwomba anisamehe kuchelewa kurudisha daftari.