Andrew Carnegie

Andrew Carnegie (Dunfermline, Uskoti, 25 Novemba 1835 – Lenox, Massachusetts, 11 Agosti 1919) alikuwa mwenye viwanda vya chuma cha pua nchini Marekani, aliyeanza maisha kama kibarua na kumaliza kwa kugawa sehemu kubwa ya mali yake.

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo kwa mikono. Mitambo ya mvuke ilipomkosesha riziki, familia ilihamia Allegheny, karibu na Pittsburgh, mwaka 1848. Andrew alianza kazi katika kiwanda cha pamba kwa dola 1.20 kwa wiki, kisha akawa tarishi wa ofisi ya telegrafu. Huko alijifunza kuzitambua herufi kwa kusikiliza mlio wa mashine tu, bila kusoma alama zilizochapwa kwenye utepe wa karatasi. Shule hakuimaliza, vitabu aliazima kwa Kanali James Anderson, aliyewafungulia vijana wafanyakazi maktaba yake kila Jumamosi.

Mwaka 1853 aliajiriwa na kampuni ya reli ya Pennsylvania Railroad chini ya Thomas A. Scott, ambaye pia alimwingiza katika ununuzi wa hisa.

Biashara ya chuma

Mwaka 1875 kiwanda chake cha Braddock kilianza kutengeneza reli. Alikiita Edgar Thomson, jina la rais wa kampuni ileile ya reli aliyotarajia iwe mteja wake. Kiwanda kilitumia njia ya Bessemer: hewa hupulizwa ndani ya chuma kilichoyeyuka, kaboni iliyozidi ikaungua, na chuma cha pua kikapatikana kwa dakika chache. Carnegie alidai hesabu ya gharama ya kila hatua, akawa mshirika wa Henry Clay Frick aliyemiliki makaa ya koki, na kuuza kwa bei ambayo washindani waliishindwa.

Ubanaji huo wa gharama uliwaumiza wafanyakazi. Mwaka 1892, mgogoro wa ujira katika kiwanda cha Homestead ulizua mapambano kati ya wafanyakazi na walinzi wa kampuni ya Pinkerton walioletwa na Frick, na watu wa pande zote mbili waliuawa. Carnegie alikuwa Uskoti, lakini alikuwa amemuunga mkono Frick, na chama cha wafanyakazi kilivunjwa nguvu.

Ufadhili

Katika makala ya mwaka 1889 alishikilia kwamba tajiri ni mdhamini tu wa mali yake, na kufa nayo ni aibu. Mwaka 1901 aliuza kampuni yake kwa kundi la J. P. Morgan kwa takriban dola milioni 480, ikawa sehemu ya U.S. Steel.

Fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani. Hakutoa bure: mji ulipaswa kutoa kiwanja na kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kwa uendeshaji. Alifadhili pia Ikulu ya Amani mjini The Hague. Hadi kifo chake alikuwa ametoa takriban dola milioni 350.

Shirika lake la Carnegie Corporation, lililoanzishwa mwaka 1911, limefadhili pia vyuo vikuu vya Makerere na Dar es Salaam.